Mkono wa Muzee Placide

Pale Mbunya, mtaa wa mji wa Bunia, ukimuulizia Séphora, mtu atakuuliza Séphora yupi; lakini ukisema Mama Foto, hata mtoto atakushika mkono akupeleke. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, benchi la wateja, na kioo cha watu kujitengenezea nywele. Ukutani alitundika maharusi na watoto wa komunyo, wote wamepigwa juani. Alikuja Bunia kutoka Butembo angali msichana, pamoja na dada yake Solange na mama yao aliyeuza vitenge, na kazi ya foto alijifunza kwa kuangalia wengine na kwa kukosea. Juani hakuwa na mpinzani. Alijua saa ambayo vumbi la barabara linageuka dhahabu, na alijua kumsimamisha bibi arusi kwenye kivuli cha ukuta ili jasho lisimng'ae usoni.

Giza ndilo lililomshinda, na hilo hakuwahi kumwambia mtu. Akiwa ndani ya nyumba au ndani ya kanisa, aliiacha kamera kwenye alama ya kijani, ile inayojipangia kila kitu yenyewe, akawasha flash, basi. Flash iliwafanya watu wawe na nyuso nyeupe kama waliopakwa unga wa muhogo, na nyuma yao ukuta mweusi tii. Wateja walizoea, naye akazoea kuzoewa.

Mwaka huo Muzee Placide na mke wake Berthe walitimiza jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Walikuwa watu wa upande wa Mahagi, waliotolewa kwao na vita wakaanza upya Bunia. Nyumba waliyoiacha iliungua, na ndani yake iliungua foto ya pekee ya arusi yao. Ndiyo sababu binti yao Chantal, muuguzi aliyefanya kazi Nyankunde, alipanda gari hadi mjini akaja mwenyewe studio kupatana na Séphora.

"Foto moja njo tunataka sana," Chantal alisema, kwa Kiswahili cha huko ambacho "ndiyo" yake ni "njo". "Ile saa baba atamuvalisha mama pete tena. Ingine zote hata zikikosa, ile isikose."

"Hiyo uniachie miye, yaya," Séphora akajibu, akimwita yaya kama mtu anavyomwita dada mkubwa.

Siku yenyewe mvua iliamka pamoja na watu. Kanisa lilikuwa dogo, la matofali, na madirisha yake membamba yaliyowekwa juu karibu na paa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na grupu, jenereta ya parokia, ikakohoa kidogo ikanyamaza. Wakaongeza mishumaa altareni. Kabla ya misa Padri Prudent alimfuata Séphora mlangoni.

"Mama, leo flash hapana. Muzee alipasuliwa macho juzi-juzi, ile mwanga itamuchoma. Utaweza bila flash?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema: Padiri, sijue, muniache nijaribu kwanza wakati watu bado wanaingia. Maneno yalikuwa karibu kabisa. Lakini wamama wa kwaya walikuwa wamesimama pale wakikung'uta miavuli yao na kusikiliza, na yeye alikuwa amevaa lile koti lake zuri la kazi lenye mifuko mingi.

"Bila shida, Padiri. Hii kamera yangu inaonaka hata mu giza."

Foto za kwanza zilitoka nyeusi. Akajificha nyuma ya nguzo, mbali na watu, akaitoa kamera kwenye alama ya kijani. Alijua kwamba mwanga una milango mitatu ndani ya kamera. Kuna tundu la lenzi, linalopanuka na kubana. Kuna muda ambao kamera inafumbua jicho lake, wenye kazi wanauita vitesi. Na kuna ISO, yaani ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Alivijua vitu hivyo kama mtu anavyojua majina ya wakwe wa mbali ambao hajawahi kula nao.

ISO hakuigusa. Mtu fulani aliwahi kumwambia kwamba ukiipandisha kupita mia nne, foto inajaa mchanga wa vijidoa, na Séphora aliogopa mchanga kuliko kitu chochote. Tundu la lenzi nalo lilikuwa limebana, kwa sababu alisimama mbali akaivuta lenzi ili kuwaleta watu karibu, na lenzi kama yake ukiivuta inafumba. Hilo hakulijua. Ukabaki mlango mmoja tu, wa muda. Akaurefusha. Akarefusha tena, mpaka kamera ikawa inafumbua jicho sehemu ya nane ya sekunde, na kwenye kioo kidogo cha nyuma kanisa likaonekana, mishumaa ikaonekana, nyuso zikaonekana laini kama za watakatifu. Akaegemea nguzo, akabana pumzi, akajisifu moyoni.

Ikafika saa ya pete. Muzee Placide alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka, mkono wa kuume ulimcheza bila amri yake. Aliishika pete, mkono ukaruka, pete ikagonga ukucha wa mke wake. Akajaribu tena. Ndani ya kanisa ikasikika mvua tu juu ya mabati. Ndipo Mama Berthe akaleta mkono wake mwingine, akauweka chini ya mkono wa mumewe, akaubeba kama mtu anavyobeba yai, na pete ikaingia. Wamama wakapiga vigelegele. Séphora, machozi yakimlengalenga, alikuwa amebonyeza na kubonyeza.

Kesho yake, kwenye kompyuta, foto zilipokuwa kubwa, akaona. Mishumaa ilikuwa safi. Kitambaa cha altare kilikuwa safi hata nyuzi zikahesabika. Lakini watu walikuwa moshi. Kila aliyesogea wakati jicho la kamera liko wazi, kamera ilikuwa imemchora mara nyingi juu yake mwenyewe. Na ile foto iliyotakiwa isikose, pale palipopaswa kuwa na mikono miwili na pete, palikuwa na doa jeupe-jeupe kama mvuke wa chungu. Alikaa mbele ya kompyuta mpaka chai yake ikapoa. Akajiambia kwamba atatafuta maneno.

Maneno hakuhitaji kuyatafuta. Aliletewa.

Wazee walikuja wenyewe studio, wamevaa nguo za misa, na Mama Berthe alikuwa ameshachagua ukuta ambako kadre, fremu ya foto, itatundikwa. Séphora aliwakalisha kwenye benchi, akaigeuza kompyuta upande wao. Walitazama moja baada ya nyingine. Mama Berthe alitabasamu kwa watoto wake na kwa kofia ya shemeji. Walipofika kwenye foto ya pete, tabasamu likasimama pale pale lilipokuwa.

Muzee Placide akasogeza uso karibu. Akatazama kioo cha kompyuta, akatazama mkono wake uliokuwa ukicheza juu ya goti, akatazama kioo tena.

"Ni mukono yangu," akasema.

Séphora akaipangusa meza kwa kiganja.

"Ni mukono yangu njo imeharibu. Wengine wote walitulia, miye niliruka. Unisamehe, mama. Nimekuharibia kazi."

Baadaye Séphora alijiuliza mara nyingi ni nani aliyezungumza kwa kinywa chake. Sauti ilikuwa yake, nzuri, ya upole, ile ya kumtuliza mtoto kabla ya foto ya paspoti.

"Haina neno, muzee," akasema. "Mukono ikitetemeka, mashini haiwezake kushika. Inafanyikaka. Musijisumbue."

Mzee akainamisha kichwa kwa shukrani. Akaushika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, akauingiza ndani ya koti, akafunga kifungo juu yake. Mama Berthe alichukua foto zilizochapishwa ndani ya bahasha, ile ya pete ikiwa chini kabisa. Wakaaga vizuri. Séphora aliwasindikiza mpaka barabarani, akasimama kuwatazama wakipita pembeni ya madimbwi, mke upande wa kuume, mume mkono ndani ya koti. Alipogeuka kurudi, uso ulikuwa unamwaka.

Alifikiri itapita, kwa kuwa mambo mengi hupita. Akapiga foto za shule, akapiga ubatizo juani. Kila mteja aliyekaa kwenye benchi lile, Séphora alimwona kana kwamba amefunga kifungo juu ya mkono.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua Chantal alipokuja. Hakusalimia kwa haraka wala kwa hasira. Aliketi, akaomba maji, akanywa, kisha akafungua bahasha akazipanga foto mezani moja baada ya nyingine, kama muuguzi anavyopanga vyombo vyake.

"Baba haendake tena mbele kupokea komunyo," akasema. "Anakula mu chumba, peke yake. Watu wakikuja, anakalia mukono. Nikamuuliza mama, mama akaniambia juu ya foto."

"Nimesikia vibaya sana mu roho, yaya."

"Ngoja. Mi sijue kamera. Niko nauliza tu." Akaweka kidole juu ya foto ya baraka. "Huyu ni Padri Prudent. Mukono yake iko wapi?"

Pale palipokuwa na mkono wa padri palikuwa na kitu kama bawa la kuku.

"Naye anatetemeka?" Chantal akauliza. Akasogeza kidole. "Na hawa wamama wa kwaya, hawana macho. Wanaumwa nini? Na huyu mutoto wa dada yangu, kichwa iko mbili. Lakini ona meza. Ona mishumaa. Meza haina shida yoyote."

"Mwanga ilikuwa kidogo," Séphora akasema.

"Ilikuwa kidogo, nilikuwa pale. Baba ulimwambia vile? Ulimwambia mwanga ilikuwa kidogo?"

Nje mtu alikuwa akijadiliana na mwenye pikipiki juu ya gunia. Séphora alisikia kila neno la mazungumzo yale. Chantal akamngoja. Kisha akazikusanya foto, akainuka, akasema kwa sauti ile ile, "Aksanti kwa maji," akatoka.

Siku hiyo Séphora alifunga studio mapema. Nyumbani, Solange alikuwa kwenye jiko lao la nyuma, chumba cheusi kwa masizi chenye dirisha la ukubwa wa sinia, akimenya mihogo. Séphora akaketi juu ya kibao akaitoa kamera.

"Miye, na hii nguo?" Solange akauliza.

"Mikono tu. Endelea kumenya."

Akapiga kama alivyopiga kanisani, na mikono ya dada yake ikawa moshi. Kisha akafanya lile aliloliogopa miaka yote: akapandisha ISO. Mia nane. Elfu moja mia sita. Elfu tatu mia mbili. Akaacha kuivuta lenzi, akaifungua mpaka mwisho, akasogea yeye kwa miguu yake mpaka akaweza kunusa muhogo. Kwa mwanga wote aliojipatia hivyo, sasa aliweza kuufupisha muda, jicho la kamera likawa linafumbuka kwa sehemu ya mia moja ishirini na tano ya sekunde. Akabonyeza.

Mchanga ulikuwepo, kwenye pembe nyeusi za jiko, laini kama vumbi juu ya jani. Lakini kisu kilikuwa kimesimama. Ganda la muhogo lilikuwa limesimama hewani likining'inia. Kovu la utotoni kwenye kidole gumba cha Solange lilionekana. Akajaribu na sufuria inayotokota, akajaribu na kuku aliyeingia kudokoa maganda, na hata kuku alisimama.

Kujifunza huko hakukumfurahisha. Kulimchoma, kwa sababu lilikuwa jambo dogo mno. Kugeuza gurudumu kwa kidole gumba na kusogea mbele. Kanisani angeweza kulifanya wakati watu wanaimba wimbo wa kuingia, kama angekubali tu kuonekana anajaribu.

Solange aliacha kumenya. "Unalia juu ya nini?"

Séphora akamweleza yote, na alipofika mahali pa kusema "haina neno, muzee," ilimbidi aanze sentensi upya mara kadhaa. Solange alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu wala hakumbembeleza. Akasema, "Sasa uko unanielezea miye juu ya nini? Miye njo Muzee Placide?"

Séphora alikwenda kwa wazee alasiri moja, mvua nyingine ikiwa inajikusanya. Sebule ya wazee ilikuwa na giza la nyumba zenye mapazia mazito. Mama Berthe alimpokea vizuri, akamfutia kiti, akaenda kumwita mumewe. Muzee Placide akaja akaketi, mkono wa kuume ukiwa chini ya blanketi dogo. Ukutani, mahali palipochaguliwa, palikuwa na msumari mtupu.

"Muzee," Séphora akaanza, "nimekuja juu ya ile foto. Haikuwa mukono yenu."

Mzee alimtazama bila kuelewa.

"Ni miye. Nilipanga kamera vibaya. Niliiacha wazi muda murefu, na mutu yeyote akisogea kidogo anaharibika. Padiri pia aliharibika, na kwaya. Hata mungekuwa mumetulia kama jiwe, mama njo angesogea. Kulikuwa na njia ya kushika ile mukono yenu vizuri, hata mu ile giza. Sikuijua. Na niliogopa kusema sikuijua."

Mvua ikaanza, kwanza matone makubwa yaliyotawanyika juu ya bati.

"Weye ulinisamehe," Muzee Placide akasema polepole.

"Ndiyo, muzee."

"Nilikuomba musamaha, ukanisamehe. Juu ya kosa yako."

"Ndiyo."

Mama Berthe akainuka, akaingia ndani, na sauti ya vyombo ikasikika huko, sahani ikiwekwa juu ya sahani kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Ulifanya vile juu ya nini?" mzee akauliza.

"Nilisikia haya, muzee. Aibu."

Mzee akatikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu anayepima uzito wa kitu. "Haya ilikuwa yako. Ukaivua, ukanivalisha miye. Nami nilikuwa niko na yangu tayari."

Séphora alitaka kusema nisameheni, lakini neno lile, ndani ya chumba kile, alilisikia kama kitu kilichokwisha kuchafuliwa kwa mikono yake. Akapiga magoti. Mzee akasema, "Inuka, mama, inuka, sakafu iko baridi," naye akainuka, na kule kuhurumiwa kukamuumiza kuliko kama angefukuzwa.

Aliomba ruhusa apige foto nyingine. Alikuwa amekuja na kamera.

"Pete haichezewake," mzee akajibu. "Nilimuvalisha siku ile, mbele ya Mungu. Sitamuvua ili weye upate foto."

"Si pete, muzee. Chochote."

"Leo hapana. Sasa enda."

Akaenda, mvua ikimpiga, kamera ndani ya koti. Aliamini mambo yameishia pale, na akaona ni haki.

Lakini siku chache baadaye Mama Berthe alisimama mlangoni pa studio bila kuingia. "Siku ya posho, saa ya chai," akasema. "Anasema ukuje. Usimwambie akae vizuri. Hatakaa vizuri."

Jumamosi hiyo, ndiyo siku ya posho, Séphora alikuta pazia moja limefunguliwa na mzee ameketi karibu na dirisha. Blanketi halikuwepo. Mkono ulikuwa juu ya meza, unacheza, ukigongagonga mbao kwa sauti ndogo. Séphora hakujificha mahali popote. Alisimama mbele yao, akapiga foto ya kujaribu, akatazama, akaona uso wa mzee umekuwa mweusi kwa sababu kamera imedanganywa na mwanga wa dirisha. Akasema wazi, "Bado. Hii imekosa. Munipe nafasi." Akasogea ubavuni mpaka dirisha likatoka ndani ya foto, akapandisha ISO, akafungua lenzi, akafupisha muda zaidi ya jikoni. Akajaribu tena, akakosa tena, akasema tena kwamba amekosa. Hakuna aliyemcheka. Mama Berthe alikuwa akimimina chai.

"Sasa," Séphora akasema.

Muzee Placide akanyanyua kikombe kwa mkono wa kuume. Hakumwangalia Séphora, alimwangalia mke wake. Kikombe kikaruka, chai ikamwagika juu ya kidole, juu ya kitambaa cha meza, na Mama Berthe akaleta kiganja chake chini ya mkono ule, akaubeba. Mzee akanywa.

Séphora aliwaonyesha pale pale. Mchanga ulikuwepo kwenye ukuta wa nyuma, akawaambia ni mchanga na ni kwa nini upo. Lakini mikono ilikuwa mikono, ya mume juu na ya mke chini, mishipa imesimama kama mizizi, pete inang'aa kidogo kwa mwanga wa dirisha, na tone la chai liko hewani halijafika popote.

Mzee aliitazama muda mrefu sana.

"Haikufichika," akasema. "Inatetemeka hata hapa. Tone inaonyesha."

"Ndiyo, muzee."

"Lakini ni mukono ya mutu."

Akairudisha kamera. Séphora alingoja neno jingine, lile moja alilolitaka, na mzee alijua analingoja. "Nimesikia ulichokuja kusema," akasema tu. Kisha akamkaribisha chai, na Séphora akainywa.

Chantal alipita studio baadaye kuchukua nakala ya kupeleka Nyankunde. Alisema baba anakula tena sebuleni, ila wageni wakiwa wengi bado anakalia mkono. Ile foto mama ameitundika chumbani, si sebuleni. Ukutani pa sebule msumari uko vilevile, kwa kuwa foto ya pete haipo na haitakuwepo. Aliyasema hayo bila ubaya, akilipanga pazia la bluu lililokuwa limekunjamana, akaaga.

Séphora aliendelea na kazi. Siku hizi anafika kanisani kabla ya watu, anajaribu mbele ya wamama wa kwaya, akikosa anasema amekosa. Kitu kimoja hakimtoki. Mteja akifumba macho wakati wa kupigwa, au mtoto akigeuka, na mzazi akasema, "Utusamehe, mama," Séphora huishusha kamera haraka, na kabla hajaangalia hata kioo kinasema nini, anasema, "Hapana, musiniombe musamaha. Tungoje kwanza tuone."